Zuleha na Ufunguo wa Chumba Kipana

Zuleha binti Mansuri, muuza vitenge wa stendi ya Kasulu, alikuwa mwanamke wa kucheka. Sizungumzii kucheka kwa kufunika mdomo na ncha ya mtandio. Nazungumzia kucheka mpaka wateja wa mama lishe wa ng'ambo wanaacha tonge mkononi ili watazame kumetokea nini, na yeye mwenyewe amekwisha kukaa chini, nguvu zimemwishia, machozi yanamtiririka, anapunga mkono kumwomba mwenye kumchekesha anyamaze asije akamuua. Alizaliwa Kibondo, akawa akipeleka vitenge magulioni upande wa kambi ya wakimbizi ya Nduta, na huko Warundi walimjua kwa sauti kabla ya kumjua kwa sura. Kisha akaolewa Kasulu na Hilali, fundi redio, mtu mpole ambaye maneno yake ya siku nzima yangeenea kwenye kiganja. Zuleha alikuwa na mwili, alikuwa na rangi, na ngoma ikilia arusini hakungoja kuitwa.

Nayasema haya mapema kwa sababu ndiyo yaliyomponza. Mtu mwenye afya ya kung'aa namna ile, nani atakubali kuwa ana ulemavu?

Basi alikuwa nao. Kuna msimu utumbo wake ulijisokota, akapelekwa hospitali ya rufaa amejikunja, hasemi, hacheki, na hapo ndipo Hilali alipojua kwamba hali ni mbaya kweli. Madaktari wakakata kipande cha utumbo, wakamtolea njia ubavuni, wakambandika mfuko. Haja kubwa haikupita tena inakopita kwa watu wengine. Ilikuja yenyewe, kwa saa iliyoitaka yenyewe, ikaingia mfukoni, na mfuko ukijaa sharti umwagwe, uoshwe, ubandikwe upya. Juu ya mfuko palikuwa na dera pana, juu ya dera kitenge, juu ya kitenge kicheko. Nyumbani waliuita mfuko ule Mgeni. Asubuhi Hilali aliuliza, "Mgeni kaamkaje?" na Zuleha akajibu, "Leo kanuna, jana hakupenda maharage," na binti yao Zuhra akamwaga chai kwa kucheka.

Stendini palikuwa na vyoo vipya vilivyojengwa na mradi fulani. Vile vya kawaida vilikuwa vyembamba, tundu la kuchuchumaa na maji ya ndoo unayachota nje mbele ya watu. Mwenye Mgeni huko hawezi kufanya kitu. Lakini mwisho wa ukuta palikuwa na chumba kipana chenye mlango wa bluu, na mlangoni kimechorwa mtu aliyekaa kwenye kiti cha magurudumu. Ndani mlikuwa na bomba, beseni, vyuma vya kushikilia na msumari mzuri wa kutundikia nguo. Kwa Zuleha chumba kile kilikuwa ndicho kibali cha kufanya biashara. Bila chumba kile angekaa nyumbani kama kuku anayeatamia. Ufunguo wake ulikaa kwa Laurentine, mtunza vyoo, mama wa Heru Juu, mwimbaji wa kwaya, ambaye alimpa Zuleha ufunguo siku ya kwanza baada ya kunong'onezwa sentensi moja tu. Akashangaa kwa Kiha, "Mawe! Pole, Mama Zuhra. Ukitaka, njoo. Mimi sijasikia kitu."

Mtu mwingine aliyekitumia chumba kile alikuwa Claude, fundi viatu, mwenye baiskeli ya kuendesha kwa mikono. Huyo hakuna aliyemwuliza swali, maana miguu yake ilijieleza.

Sasa aingie Mudathiri. Mudathiri alikuwa mpiga debe, Mnyamwezi wa Tabora, mrefu, mwembamba, mwenye sauti ya kuamsha watu Makere wakati yeye yuko Kasulu. Kazi yake ilikuwa kuita abiria wa mabasi ya Kibondo na Kakonko. Kazi yake ya pili, asiyolipwa na aliyoipenda zaidi, ilikuwa kuwatania Waha. Mnyamwezi na Muha ni watani, jambo hili mababu walilimaliza zamani: mtani anaweza kukutukana mbele ya mkweo, akakunyang'anya muhogo mdomoni, akacheza juu ya msiba wako, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Dawa yake ni kumrudishia. Yeye na Zuleha walirudishiana kila siku ya Mungu, na watu walichelewa mabasi kwa kuwasikiliza.

"Wewe Muha, mwisho wa reli, umeamka?" Mudathiri alikuwa akianza.

"Nimeamka nikakuta mpagazi wangu hajafika," Zuleha alijibu. "Babu yako alibeba mizigo ya babu yangu mpaka pwani, na hili robota la vitenge linakusubiri. Inama."

Na kweli angeinama akalibeba.

Siku moja Mudathiri akamwona anatoka kwenye mlango wa bluu, anafunga, anarudisha ufunguo. Mnyamwezi yule akashika kichwa, akazunguka, akapanda juu ya gunia la mahindi la mtu.

"Jamani! Abiria wa Kibondo, shukeni mshuhudie! Muha kaona choo cha walemavu kina bomba, kajifanya kiwete! Wewe mama, mguu upi mbovu?"

Stendi nzima ikageuka. Nisikilize vizuri hapa, maana ndipo palipoharibika. Mtu mwingine angenyamaza. Mwingine angelia. Lakini Zuleha aliona upesi kwamba akinyamaza, watu watajiuliza kuna nini, na akikasirika, atakuwa amevunja utani na watajiuliza zaidi. Kwa hiyo akafanya lile ambalo Muha yeyote angemfanyia Mnyamwezi. Alishika kiuno, akauvuta mguu wa kushoto, akachechemea mpaka kwenye vitenge vyake huku akipiga yowe, "Huu hapa! Umevunjika kwa kumbeba Mnyamwezi!" Watu walicheka mpaka dereva akapiga honi.

Utamu ukamwingia. Kesho yake Mudathiri akauliza, "Leo mguu upi?" naye akachechemea wa kulia. Keshokutwa akachechemea yote miwili, jambo ambalo ukilijaribu utaona linamfanya mtu atembee kama bata. Kila akichechemea ndivyo Mgeni alivyozidi kujificha. Nani angetafuta kitu tumboni wakati miguu inatoa burudani? Alirudi nyumbani akamwonyesha Hilali mwendo ule, na Hilali akasema sentensi nzima: "Mke wangu, wewe utaenda peponi ukicheza."

Kumbe stendi haina watani peke yao. Kuna abiria wa kutoka mbali, kuna wageni waliokuja juzi, kuna watu wasiojua nani anamtania nani. Mmoja wao alirekodi kwa simu, siku mbili mfululizo. Kwenye picha ile anaonekana mwanamke mnene mwenye afya, anatoka chumba cha walemavu, leo mguu huu, kesho mguu ule, na anacheka. Ikarushwa kwenye makundi ya Wasapu ikiwa na maneno: "Tapeli wa choo cha walemavu Kasulu, tazama hana haya." Ikafika Kibondo kabla ya basi. Dada yake wa Kibondo akapiga simu akilia. Watu waliokuwa wakicheka naye jana wakaanza kupita kwenye vitenge vyake na nyuso za mahakama. Mama mmoja alishika kitambaa, akakiachia, akasema bila kumwangalia, "Wenzio wanatambaa, wewe unawafanyia maigizo." Hayo yalimchoma kuliko kisu cha daktari, maana yule mama alikuwa anamtetea mtu, na alikuwa sahihi kwa kila alichokiona.

Mwenyekiti wa kamati ya stendi, Mzee Stanislaus, mtu wa koti kila siku hata jua likiwaka, alikuja mwenyewe kwa Laurentine akachukua ufunguo. "Mpaka tukutane," alisema. "Ulemavu ni kitu cha kuonekana. Kama haupo, haupo." Claude fundi viatu akajaribu kusema kwamba yeye hajanyang'anywa kitu, wao huingia kwa zamu na hawajawahi hata kugongana. "Wewe tulia," Mwenyekiti alimwambia kwa upole, "tunakutetea." Na kwa kumtetea akamwachia naye mlango umefungwa.

Zuleha akajaribu kufanya biashara bila chumba. Alikuja saa tatu, akaondoka kabla ya saa sita, mbio, mkono umeshika ubavu, vitenge nusu vimekunjwa nusu vinaburuzwa. Safari mbili Mgeni alimwaibisha njiani, akafika nyumbani akajifungia. Hakucheka. Zuhra alimsikia mama yake hacheki akaogopa zaidi kuliko ile siku ya hospitali.

Mudathiri naye alikuwa hajui aweke wapi uso. Aliona utani wake umeota meno, hajui kwa nini. Mpaka siku moja kabla ya kikao akamfuata Zuleha nyuma ya vitenge vilivyotundikwa, pale ambapo wanawake hujipimia.

"Muha wangu, mbona umekonda sauti?"

"Mudathiri, nina mfuko tumboni."

Mnyamwezi akacheka. Angefanyaje? Miaka yote hajawahi kusikia kauli ya kweli kutoka mdomo ule. "Mfuko wa nini? Umemeza duka?"

"Wa choo. Walinikata utumbo. Nabeba choo changu hapa."

Akazidi kucheka, akajipiga paja, akasema Waha bwana, mpaka choo wanatembea nacho wasije wakaibiwa na Wanyamwezi. Zuleha akamtazama. Kisha akajipiga ubavuni taratibu, juu ya kitenge, kwa kiganja. Pakasikika sauti ya nailoni, kwa-kwa-kwa, ile ya mfuko wa mkate unapofunguliwa.

Kicheko cha Mudathiri kikakatika katikati. Akatazama ule ubavu, akatazama mlango wa bluu, akatazama ile njia ambayo alikuwa akimwona anaipita na robota kichwani. Akaketi juu ya vitenge vya kuuza.

"Na mimi nikakuuliza mguu upi," akasema.

"Na mimi nikakuonyesha," akajibu Zuleha, na Mungu ni shahidi, wote wawili wakacheka, kicheko kibaya, cha kulia, wakishikilia vitambaa visianguke. Kisha Zuleha akampa sharti moja. "Usiwaambie tumbo langu. Nauza nguo. Nani atanunua kitenge kwangu akijua?"

Kikao kilifanyika palepale stendini, chini ya paa la abiria, maana katika ofisi ya kamati haingii mtu wa nne. Walijaa wafanyabiashara, makondakta, abiria waliokosa basi, na wengine waliokosa basi kwa makusudi. Stanislaus alisimama na koti lake, akaeleza habari kwa haki, sitamsingizia. Alisema chumba ni cha wenye shida, stendi imeaibika mpaka Kibondo, na mama huyu amepewa nafasi ya kujieleza.

"Nina shida," Zuleha alisema. "Haionekani."

"Basi ituonyeshwe."

"Haionyeshwi mbele za watu, Mwenyekiti."

Kicheko kikapita, si kile cha utani. Mtu akapaza sauti, "Achechemee!" Wengine wakaitikia. Laurentine akasimama kusema, akaketi, akasimama tena, maana alikuwa ameahidi kwamba hajasikia kitu. Hilali alikuwa nyuma, amekunja ngumi, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa ngumi zile.

Hapo Mudathiri akapita mbele.

"Mama huyu ana ulemavu," alisema. "Wa kweli. Ninajua."

Oh, walicheka! Walipiga meza, walishikana mabega. Mtani anamtetea mtani! "Mguu upi, Mnyamwezi?" waliuliza. Alivyokunja uso kuonyesha kwamba hatanii ndivyo walivyozidi kuanguka, maana uso ule hawakuwahi kuuona umekunjwa wakaamini ni mchezo mpya. Akaapa, wakacheka. Akawakemea, wakamshangilia. Hata Stanislaus alitoa kitambaa akafuta macho. Yule mtu alikuwa na sauti kuliko wote Kasulu, na hakuna hata mmoja aliyeweza kumsikia.

Akaacha kuapa. Kisha akamgeukia Zuleha, akavua kofia, akachuchumaa mbele yake, miguu ile mirefu imekunjika kama panzi, akapiga makofi polepole, kama Waha wanavyofanya mbele ya mtu wanayemheshimu.

"Mwakeye, dada yangu," akamwamkia kwa Kiha. "Nimekukosea. Naomba unisamehe."

Vicheko vikapungua upande mmoja, kisha upande mwingine. Mtani haombi radhi kwa mtani. Hakuna aliyewahi kuliona hilo, wala hakuna aliyejua litajibiwaje. Bibi mmoja wa Heru Juu aliyekaa na kikapu cha maharage akauliza kwa sauti ya chini, "Kafiwa?"

"Nilichojua sitakisema," Mudathiri aliendelea, bado amechuchumaa, sasa anawatazama Waha wote. "Nimekatazwa na mwenyewe. Lakini kama nasema uongo hapa, utani kati yangu na ninyi ufe leo. Nikifa, asije Muha hata mmoja kwenye msiba wangu. Asinilalie kaburini, asinidai nyama, asinisemee upuuzi. Mnizike kimya, kama mtu asiye na watani."

Hapo hakuna aliyecheka. Kuzikwa bila mtani kupiga kelele ni kuzikwa kama ulikuwa hukuishi na watu. Hata wageni wasiojua utani walitazama nyuso za wenyeji wakajua kwamba huyu mtu ameweka rehani kitu kikubwa. Yule bibi wa maharage akaguna, "Mh-mh. Huyu hatanii." Claude akaisogeza baiskeli yake mbele, akasema kwa hasira iliyokuwa imemkaa siku nyingi, "Na mimi nataka choo changu. Mtufungulie."

Stanislaus akakohoa. Akaangalia watu, akaangalia kofia ya Mudathiri chini, akaingiza mkono kwenye koti akatoa ufunguo. Alimpa Laurentine. "Atakayeuomba apewe," alisema. "Na asiulizwe."

Zuleha alikuwa amesimama machozi yanamdondoka, hajui afanye nini na heshima ile iliyochuchumaa miguuni pake. Haikumkaa. Alijaribu kusema "nimekusamehe, kaka" kama inavyotakiwa, neno likakataa kutoka. Alipofungua mdomo kilitoka kilichozoea kutoka.

"Ondoka hapo chini, mpagazi! Umejikunja hivyo nani atakunyoosha? Robota langu liko kule!"

Na akaangua kicheko. Kile chenyewe, kile cha kukaa chini na kupunga mkono. Hilali akacheka, Laurentine akacheka mpaka kilemba kikamdondoka, na Mudathiri akainuka anafuta magoti, anawaambia watu kwamba ameona Waha wanavyomtesa.

Wiki ile ikapita, biashara ikarudi, si yote kwa siku moja. Yule mama aliyemsema alinunua doti nzima bila kuomba kupunguziwa, na hiyo ndiyo iliyokuwa samahani yake. Kisha jioni moja Mzee Stanislaus akasimama mbele ya vitenge. Alisema anamtafutia mkewe kitu. Akashika cha bluu, akashika cha njano, akakishika cha bluu tena, huku anabadilisha mguu wa kusimamia na jasho limemtoka chini ya koti.

"Mama Zuhra," alinong'ona hatimaye, anakitazama kitambaa. "Ule ufunguo. Ungeweza kuniombea? Hiki kibofu changu, kwa umri huu... na kuchuchumaa siwezi tena. Laurentine tunaimba naye kwaya moja, naona haya."

Zuleha hakucheka. Hakuuliza kitu. Alienda kwa Laurentine, akarudi, akamwekea ufunguo ndani ya mkunjo wa kitenge, akampa vyote viwili kama anayempa sampuli.

Mwenyekiti alienda haraka kidogo kuliko inavyompasa mwenyekiti. Akafungua mlango wa bluu, akaingia. Alipotoka, anarekebisha koti, Mudathiri alikuwa amesimama hatua chache kutoka pale, mlangoni mwa basi. Muha, tena mwenyekiti, tena aliyesema ulemavu ni kitu cha kuonekana, anatoka kwenye chumba kile mbele ya abiria wote. Kwa mtani, bahati ya namna hiyo haiji mara mbili maishani. Kifua chake kilijaa hewa, mkono ukapanda, mdomo ukafunguka.

Mzee Stanislaus akamwona. Akasimama palepale, uso umempauka.

Mudathiri aligeuza shingo upande wa barabara. "Kibondo!" akaita kwa nguvu zake zote. "Kibondo, Kakonko! Nafasi zipo, wazee mkae mbele!" Na akaendelea kuita mpaka Mwenyekiti alipomaliza kupita.